Thelathini Yako na Thelathini ya Simu

Baba Mwende,

Mimi niko mzima, ni mgongo tu unanisumbua. Mwende wetu amefunga chuo, anakusalimia. Mama yako anakusalimia, anakula vizuri ila kila siku analalamika chumvi. Ng'ombe amezaa, ndama ni wa kike. Sote tunakusalimia huko uliko, mwaka wa pili sasa.

Baba Mwende, nimekosea shamba lako la juu, ile sehemu uliacha bila mitaro. Mwende aliweka simu kwa udongo kupima mteremko, ikasoma thelathini. Nikaambia akina mama wa mwethya, kikundi chetu cha kuchimbiana, waachanishe mitaro vile wewe ulikuwa unaachanisha kwa thelathini. Tulichimba wiki mbili tukiimba. Mvua ya kwanza ikabomoa ukuta wa mtaro, matope yakaingia jikoni kwa mama yako akipika. Alitoka mzima.

Nikachukua kamba yako na ile chupa ya maji ya kuonyesha usawa, nikapima vile ulinionyesha: vidole mia kwenda mbele kamba ikiwa imelala sawa, halafu vidole vya kushuka. Hamsini na nane! Mwende akasema simu haikudanganya, yenyewe inahesabu digrii, wewe ulihesabu vidole vya kushuka kwa kila mia. "Lakini Mama, darasani tunaambiwa pembe haina kipimo chake kama mita au kilo. Urefu unagawanywa kwa urefu, vinakatana, inabaki namba tupu. Kuna wasomi wanataka ipewe chake, bado wanabishana."

Mama yako akamjibu, "Hiyo namba tupu imenimalizia unga."

Nilicheka. Nilikumbuka vidole vyako vinene na vyangu vyembamba, tunapima mahali pamoja, jibu linatoka moja. Ulikuwa unasema, "Mlima haujali mkono wa nani." Sasa ni nini hiyo tulikuwa tunashika? Si udongo, si kamba. Iko hapo tu, Mungu aliiweka, na mikono yote ya dunia haiwezi kuibadilisha. Niliogopa, ule woga wa kuingia kanisani ukiwa peke yako.

Wasomi wabishane. Mimi nasema ipewe jina lake, kwa sababu wewe ulienda na maana ya thelathini yako, ukatuachia namba peke yake.

Kwaheri, mume wangu. Jumatatu mwethya inarudi, mitaro tutaikaribianisha. Mama yako atalala kwangu mpaka kuta zishike nyasi, hiyo nakuahidi. Na kama nafasi niliyopima kati ya mitaro bado ni kubwa, tafuta njia unijulishe haraka, hata ndotoni. Mawingu yameshashika mlima.

Mimi, Mama Mwende,
Mbooni