Mama Mongia, Tulikusikia Ukichekecha Paani

Mwaka mzima umezunguka, Mama, tangu asubuhi ile ulipopanda paani na chekeche lako, ukashushwa umebebwa. Joto la kiangazi lilikuwa linavunjika, kama linavyovunjika sasa, na kila paa la mtaa wetu hapa mjini Korba lilikuwa na wanawake wanaotengeneza kuskusi, zile chembe za unga wa ngano, ya kula mwaka mzima. Uliketi, ukanyoosha miguu, ukasema kiuno kinakuuma kidogo, kisha ukaegemea ukuta. Naziha, mke wa mwanao Lamjed, alikuwa kando yako akinyunyizia unga maji. Alidhani umesinzia. Akapunguza sauti ya redio ili usisumbuke.

Wengine wanapenda Julai, bahari na matikiti. Wewe ulikuwa mtu wa mwisho wa kiangazi. Ulingoja ile asubuhi ya kwanza ambayo mtu akitoka uani bila shali, mikono inamsisimka. Hapo ulipata nguvu za msichana. Ulitoa mablanketi kabatini ukayapiga fimbo mpaka vumbi likatufukuza. Ulitunga pilipili kwenye nyuzi hadi ukuta wa mbele ukawa mwekundu wote. Tini ulizigeuza kwa kidole moja moja, kama unavyomgeuza mtoto aliyelala. Nyumba ilinuka kitunguu saumu na giligilani wiki nzima, na ole wake aliyelalamika.

Hata chai ya alasiri uliihamisha, kutoka chini ya mti wa mforsadi hadi mlangoni. "Jua la mwezi wa tisa ni nafiki," ulisema. "Linakuchekea usoni, ukigeuka tu umeshaanza kukohoa."

Chungu cha kwanza cha kuskusi mpya hatukukila sisi. Kilikwenda kwa jirani, Bi Khaddouja, asiye na mume wala mtoto. Na ulikuwa unampa huku unamgombeza: "Kula, wewe! Usije ukanifia hapo nikakosa wa kumsengenya!" Naye anakujibu kutoka ng'ambo ya ukuta, "Utaanza wewe, mama mwenye kiuno!" Siku uliyoanza kweli, aliketi mlangoni pake na bakuli tupu mapajani, na hakuna aliyethubutu kumwambia aliweke chini.

Masika na kiangazi vilipita. Tulikuwa tumeanza kuzoea. Kisha Agosti ikaelekea ukingoni, na Naziha akaanza kukusikia.

Ilikuwa saa ile ya mchana mweupe, madirisha yote ya mtaa yamefungwa na watu wamelala. Alikuwa anaosha vyombo. Juu ya kichwa chake akasikia kiganja kikipiga ukingo wa chekeche: mara mbili upesi, kimya, halafu pigo moja la kumalizia. Alijua mkono wa nani unapiga hivyo, lakini akili yake ikamtafutia njia nyepesi. Akavaa kandambili, akaenda ukutani.

"Bi Khaddouja! Unachekecha na joto hili?"

"Mimi?" Bi Khaddouja akatokeza kichwa dirishani, kitambaa cha maji kikiwa bado kipajini. "Mimi nimelala kama mfu. Nilikuwa nakusikia wewe, mwanangu. Nikasema, masikini, ameiga hata mkono wa mama mkwe wake."

Wakatazamana. Sauti ikaja tena, hapo juu, bila haraka. Bi Khaddouja akasema "Bismillahi" na kuvuta dirisha.

Naziha alipanda. Paa lilikuwa jeupe na tupu, halina shuka wala sinia. Ila hewa ya juu kule ilikuwa na harufu ya unga uliolowa. Akashuka mbio hadi stoo. Chekeche lako lilikuwa linaning'inia kwenye msumari wake, limefungwa kitambaa tulichokifunga wakati wa msiba.

Jioni alimweleza Lamjed, na mwanao unamjua.

"Ni njiwa hao. Wanatembea juu ya tangi la maji."

"Njiwa gani wanaochekecha unga?"

"Njiwa wa Korba wanakula kuskusi kutushinda sisi. Labda wameona wajifunze kuitengeneza."

Alicheka peke yake. Lakini siku aliyokosa kwenda kazini, akawa amejilaza sebuleni adhuhuri, aliisikia kwa masikio yake. Aliinuka akawasha televisheni, akaongeza sauti mpaka watoto wakaamka.

Aliyetangulia kukusikia kuliko sisi sote alikuwa Baba, mumeo, na hakumwambia mtu.

Naziha aligundua kwa sababu ya chakula. Kila alipomwekea Baba sahani, ilirudi ilivyokwenda.

"Nimeshakula, binti yangu."

"Umekula wapi, Baba?"

"Juu."

Alidhani mzee anatania. Akachungulia siku hiyo, akamwona: tulipolala sote, Baba Tijani alibeba kiti cha plastiki ngazini, polepole, akakiweka kwenye kivuli cha tangi la maji, akaketi uso wake ukielekea pale mahali pako ukutani. Alikuwa amechomeka yasmini sikioni kama bwana harusi. Alitikisa kichwa, akacheka kidogo, akasema jambo, akanyamaza kama mtu anayesikiliza jibu. Aliposhuka alasiri, Naziha alimpokea mkono ili asijikwae. Kwenye ncha za vidole vya Baba palikuwa na chembe za unga.

Mwili wake ulipungua mpaka mkanda ukahitaji tundu jipya. Na bado alikuwa na furaha, Mama, na furaha hiyo ndiyo iliyotutisha. Alinyolewa vizuri. Alimpa Lamjed saa yake ya mkononi: "Chukua. Mimi saa ya nini tena?" Alipita nyumba kwa nyumba akisalimia watu ambao hakuwa amewasalimia tangu zamani. Naziha alimwona kama mtu anayefunga mizigo ya safari.

Daktari alisema moyo ni mzima, mzee ale tu. Radhia, binti yako, akapiga simu kutoka mji wa Sfax akilia: "Mleteni kwangu! Mtoeni kwenye hiyo nyumba!" Tulimpa Baba simu aongee naye mwenyewe.

"Siji, mwanangu," Baba alimwambia kwa upole. "Mama yako yuko kazini. Nikiondoka, nani atakaa naye?"



Ijumaa, Baba akiwa msikitini, Naziha aliingia stoo, akakifungua kile kitambaa na kulitoa chekeche lako msumarini. Alipanda nalo paani kwenye jua kali. Aliliweka pale ulipokuwa unakaa, akasimama mbele yake kama aliyekuja kuomba radhi, ingawa hakuwa amekukosea.

"Mama," alisema, "ni mimi, Naziha. Najua ni msimu wako. Njoo tu, paa ni lako, mimi sikukatazi. Lakini Baba anakufuata, na sisi hatujamaliza kumlilia mmoja. Na yeye hajakulilia, unajua? Hata siku tulipokuzika, alikuwa anawagawia watu viti. Ukimwita sasa, ataondoka na machozi yake yote ndani. Mkataze wewe, Mama. Yeye hatusikii sisi."

Alingoja. Hakuna hata njiwa. Kisha alipogeuka ili ashuke, nyuma yake, karibu kiasi cha kumgusa, kiganja kikapiga ukingo wa chekeche. Pigo moja tu, lile la kumalizia.

Naziha hakutazama nyuma. Alituambia kwamba alishuka ngazi zote macho yakiwa yamefumba.

Siku iliyofuata, anga upande wa bahari liliamka na rangi ya shaba. Upepo wa jangwani ulivuma asubuhi nzima, ukikausha midomo, kisha adhuhuri ukakata ghafla. Paka walikuwa wamejificha. Baba alichomeka yasmini yake na kuanza kupanda, kama kawaida. Kiti kilikuwa kimebaki juu tangu jana yake. Naziha, akiwa jikoni, alihesabu nyayo zake kwa sikio, akangoja mlango wa bati wa kutokea paani ulie. Haukulia.

"Naziha!" Baba aliita. "Nani yuko juu?"

"Hakuna mtu, Baba. Lamjed yuko kazini, watoto wako chumbani."

"Mbona mlango umefungwa kwa nje?"

Akakimbia ngazini. Ule mlango una komeo upande wa paani. Wewe ndiye uliyemtaka Baba aliweke, ili wajukuu wasipande wakakukanyagia kuskusi. Tangu ufe hakuna aliyeligusa, na kutu ilikuwa imelishika. Naziha aliusukuma mlango kwa bega. Haukutikisika.

Baba alibisha kwa kifundo cha kidole, taratibu, kama anayebisha chumba cha kulala. "Mongia. Fungua, ni mimi."

Upande wa pili chekeche lilikuwa linakwenda. Walilisikia wote wawili, mkono wa Naziha ukiwa juu ya bati lenyewe. Lilikwenda kasi, bila kupumzika, vile ulivyokuwa unafanya ukiona mvua inakuja na unga bado haujaisha.

"Mongia! Usinifanyie mchezo, mwanamke! Fungua!"

Akapiga kwa ngumi. Akapiga kwa kiganja. Yasmini ikamdondoka sikioni. Ndipo chekeche likanyamaza, na ukimya uliofuata, anasema Naziha, ulikuwa kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango akizuia pumzi.

Baba akakaa kwenye ngazi. "Amenikataa," alisema. "Maisha yote hajanifungia mlango, leo amenikataa." Na hapo, Mama, akakulilia. Alilia kwa sauti, kamasi zikimtoka, kama tulivyomtaka alie siku ya mazishi. Naziha alikaa ngazi ya chini yake, akamshika miguu na kulia pamoja naye.

Mvua ikawakuta hapo. Ilikuwa ile ya kwanza, tunayoiita Mwosha-viwanja kwa kuwa inaosha viwanja vya kupuria nafaka, lakini safari hii ilikuja na mawe na upepo wa kung'oa. Walisikia mabati ya jirani yakienda. Kisha kitu kizito kikaanguka paani, juu ya vichwa vyao, nyumba ikatikisika, chokaa ikawamwagikia, na maji yakapita chini ya mlango na kushuka ngazini yakiwalowesha. Watoto walipiga kelele chumbani. Baba alikuwa bado analia, na Naziha hakuiachia miguu yake.

Ilipokatika, Lamjed alifika mbio kutoka kazini. Mlango haukuwa unafunguka kwa ndani, kwa hiyo alipandia kwa Bi Khaddouja, akaweka ngazi ya mbao kutoka paa lake hadi letu. Aliyoyakuta alitueleza baadaye. Miguu ya tangi la maji ilikuwa imekatika kwa kutu, na tangi, likiwa limejaa, lilikuwa limelala pale pale Baba anapokaa kila siku. Kiti kilikuwa vipande.

Komeo lilikuwa limeingia lote hadi mwisho. Alilipiga kwa jiwe mara nyingi ndipo likatoka. Alipoufungua mlango akatukuta sote, na watoto pia, tumejazana ngazini, tumelowa, tunamtazama.

"Upepo," alisema.

Naziha alikuwa analitazama komeo.

"Upepo unaweza," alisema tena. Halafu akakaa chini kwenye maji, na jiwe lake mkononi.

Baba alilala kuanzia jioni hiyo hadi adhuhuri ya pili. Alipoamka, alitaka mayai yaliyopikwa na harisa, rojo letu la pilipili, na mkate wa jana, si wa leo. Alikula akafuta sahani, akauliza kama yamebaki. Naziha alikwenda kumpikia mengine.

Tangu siku ile hatujakusikia. Kuna mchana Naziha anasimamisha mikono ndani ya maji ya vyombo na kutega sikio. Hasemi kama anasikiliza kwa hofu au kwa kutamani, na sisi hatumuulizi.

Kuskusi tumeitengeneza mwaka huu, tumechelewa, uani, si juu. Imetoka na mabonge. "Hii si kuskusi, hii ni changarawe," Baba alisema, akaongeza sahani ya pili. Usiku wa mwezi huu tumeanza kufunga madirisha. Makomamanga yamepasuka mtini. Asubuhi kuna ubaridi unaoupenda, na nyumba inanuka sabuni ya mablanketi, na mara nyingi ni tamu kuwa ndani yake. Tunakuambia kwa sababu tunajua ungeuliza.

Leo baada ya Alasiri tutakusomea hitima nyumbani. Wanaokukumbuka ni mumeo Tijani, wanao Lamjed na Radhia, mkweo Naziha, wajukuu zako Yosr na Aziz, na Bi Khaddouja, ambaye amesema aandikwe pamoja na familia au atatuhamia. Mwenyezi Mungu akupe makao mema.

Baba ametuomba tuandike maneno yake kama alivyoyasema, tusiyapambe:

"Mongia, nimeelewa. Sitabisha tena. Siku utakayofungua mwenyewe, nitakuja."

Nasi, Mama, maadamu tunapumua, tutakukumbuka.