Mikono Anayoikimbia Neema

Jumatano, mwezi wa saba, 2021. Campbelltown.

Leo jua limetoka, lakini mwezi wa saba huku ni baridi kali, ni jua la kutazama tu. Asubuhi nilipotoka kwenda kazini umande ulikuwa umeganda juu ya majani, mweupe kama chumvi, na upepo ukanipiga usoni kama una ugomvi na mimi.

Lokdauni imeongezwa tena. Neema haendi chekechea kwa wenzake, mchana yuko nyumbani na baba yake. Mimi natoka kila siku, maana wazee ninaowatunza hawajiogeshi wenyewe eti kwa sababu kuna korona.

Basi niandike kile kinachoniuma.

Mtoto wangu hataki nimguse.

Si kwa hasira. Ana miaka minne, hana kinyongo na mtu. Ni mikono yangu. Kazini tunanawa, tunapaka kitakasa mikono, tunavaa glavu, tunavua, tunanawa tena, hivyo hivyo kwa kila mzee. Ongeza na baridi ya huku, inayokupausha hata kabla hujamaliza kuvaa. Vidole vyangu vimekuwa na magaga kama visigino, na kwenye viungo ngozi imechanika, nikikunja ngumi inatoa damu.

Jumapili jioni ndiyo siku yetu ya kusuka. Nilikaa kwenye kochi, nikamweka Neema katikati ya magoti, kitana mkononi. Vidole vikawa vinanasa kwenye nywele zake na kumkwaruza shingo. Akajikunja, akavumilia kidogo, kisha akasimama. "Mummy, your hands hurt. I want Daddy." Kiswahili anakisikia chote, ila anajibu kwa Kiingereza, na siku ile nilitamani Kiingereza chenyewe nisingekijua.

Basi akasuka baba yake. Maskini, alijitahidi. Ni mtu wa ghala, anachojua ni kufunga maboksi. Alimfunga mafungu matano kwa rababendi, kila fungu linaangalia upande wake.

Mama yangu alipopiga simu ya video toka kule kambi ya wakimbizi Kigoma, akasogeza uso mpaka tukaona paji tupu.

"Huyu mjukuu wangu kasukwa na nani, na upepo?"

"Ni mimi, mama," Baba Neema akasema.

"Haya baba, rudi kwenye maboksi yako."

Tukacheka sana. Halafu akasema, "Na wewe Mama Neema, nyoosha mikono niione." Nikainyoosha mbele ya simu. Kisha akaniambia nipake mawese wakati wa kulala, nivae na soksi mikononi, kwani wao walikuwa na hospitali gani?

Nikatii. Nikachukua mawese ya kupikia, yale niliyonunua duka la Waafrika kule Liverpool ya huku huku, vituo vichache kwa treni, nikapaka mpaka kwenye viwiko. Asubuhi shuka lina rangi ya chungwa, mto una rangi ya chungwa, na soksi moja ilivuka usingizini, kwa hiyo Baba Neema akaamka na kiganja changu kizima mgongoni kwake. Neema akaziba pua. "Mummy smells like dinner." Kweli nilinuka sombe, kile kisamvu chetu cha mawese. Kazini barakoa ndizo zilizoniokoa, hakuna aliyesikia harufu. Nilipoanza kunawa tu, mikono ikarudi vilevile.

Simlaumu mama. Kule hakuna hita, wala maji ya moto yanayotoka ukutani. Kule tulipangwa mstari kabla ya kwenda kanisani, mama anachota mafuta ya mgando kwa kidole, anayapasha kati ya viganja, anaanza na mkubwa. Mimi nilikuwa wa mwisho. Yaliyobaki mikononi mwake alinimalizia usoni, viganja vyote viwili kwa pamoja, dunia inafungwa kidogo halafu inafunguka. Hakuna aliyetoka nyumbani kwetu amepauka. Mtoto akipauka, anayesemwa ni mama yake.

Nataka Neema naye awe na kitu kama hicho cha kukumbuka. Sitaki akumbuke msasa.

Leo kazini nilikuwa namhudumia bibi mmoja, ngozi yake nyembamba kama ganda la kitunguu. Huwa namwogesha kwa maji ya uvuguvugu, si ya moto. Sabuni kidogo, isiyo na harufu. Namkausha kwa kumgandamiza taulo, simsugui. Halafu, ngozi ikiwa bado na unyevu, nampaka krimu haraka, ili ule unyevu ubaki ndani. Ndivyo tulivyofundishwa, nafanya bila hata kufikiri. Nilipokuwa nampaka vidole, akaushika mkono wangu, akaniambia nina mikono mizuri.

Ilikuwa ndani ya glavu.

Nilicheka, machozi yakanilenga. Ngozi yake ni laini kuliko yangu, na anayempaka ni mimi.

Na mimi je? Nikirudi nyumbani nasimama kwenye maji ya moto mpaka kioo hakionekani. Najisugua kwa dodoki na sabuni ya dawa, kwa hofu ya kumletea mtoto korona. Kisha nakaa mbele ya hita kujianika mpaka nakauka kama dagaa. Nikishakauka hivyo ndipo napaka mafuta, na kushangaa kwa nini hayasaidii. Nilikuwa nafunga mlango wakati maji yameshaondoka.

Sasa basi. Leo nimepita duka la dawa karibu na stesheni, nimenunua kopo kubwa la krimu isiyo na manukato na tyubu ndogo ya kukaa mfukoni mwa yunifomu. Kunawa kazini siachi, yale ni maisha ya wazee wa watu. Ila kila nikinawa nitakausha vizuri kati ya vidole na kupaka kidogo, hata kama wenzangu watanicheka. Nyumbani nitaoga maji ya uvuguvugu, haraka. Dodoki litapumzika mpaka nyufa zifunge. Krimu kwanza nikiwa na unyevu, mafuta ya mgando juu yake, soksi safi mikononi nikilala. Vyombo naosha na glavu. Hita ipashe chumba, isinianike mimi. Na nyufa zisipofunga nitampigia daktari simu, siku hizi wanasikiliza hata kwa simu.

Mawese yamerudi jikoni kwenye heshima yake. Mama akiniuliza nitamwambia yamefanya kazi, na Jumamosi nitampigia picha ya sombe.

Jioni hii nimeanza. Nilijipaka kwanza mwenyewe, nikasubiri krimu iingie. Neema alipotoka kuoga nikamwita kabla hajakauka. Alisimama mbali kidogo. Akagusa kiganja changu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayepima uji kama umepoa.

Akasogea.

Nikampaka krimu miguu, mgongo, mikono, taratibu. Iliyobaki nikamfunga nayo uso, viganja vyote viwili. Akafumba macho. Akakaa hivyo.

Nikamuuliza kama naweza kumtengeneza nywele. Akafikiri. "One," akasema, na kuninyooshea kidole kimoja ili nisije nikajifanya sijasikia.

Nikafungua fungu moja la baba yake, nikasuka mstari mmoja, pale juu ya sikio la kushoto. Nyufa zipo, lakini hakujikunja. Sasa anakimbia sebuleni na mafungu manne ya upepo na mstari mmoja wa mama yake.

Kesho nitaomba wa pili.