Umbea Uliopangwa

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita asubuhi. Mkononi kikombe, usoni tabasamu la mtu anayetaka kukutwisha mzigo. Ofisini tunamwita Kwa Ufupi, maana akianza na "kwa ufupi" unatafuta kiti.

Nikatafuta kiti. Habari yenyewe: wafadhili wanataka andiko la mradi wa taarifa za mtaa. Tunashindana na kampuni moja ya watu wa suti. Mfumo wao umefungwa kama kopo la samaki. Wakazi watatoa taarifa zao, halafu waombe ruhusa kuziona. Yaani umwazime jirani sufuria, kisha ubishe hodi kuuliza kama unaweza kupikia!

Mimi napendekeza kinyume. Jukwaa huria. Programu iko wazi — aichungulie anayetaka, aitengeneze anayeweza. Wakazi wenyewe ndio wanaoandika na kusahihishana. Na taarifa zote zimeunganishwa: bomba na chekechea, chekechea na mwalimu, mwalimu na barabara anayopita. Ukivuta uzi mmoja, mwingine unafuata.

Bosi kauliza nani atakuwa na mamlaka ya kufuta. Nikasema kila mtu. Ila anayefuta sharti aandike sababu, na sababu isomwe na mtaa mzima. Kifungu cha saba. Nilijipiga kifua kwa kifungu hicho, nikakipigia na mstari.

Wafadhili wana sharti lao moja. Mwenyekiti wa mtaa wa majaribio atie saini kabla ya saa sita mchana, Jumatatu ijayo. Mtaa wa majaribio ni wetu. Mwenyekiti ni baba yangu mdogo. Mteremko! Tukishinda, mkataba wangu unaendelea. Tukishindwa, narudi kuchora kadi za harusi, na kubishana na mabibi harusi kuhusu rangi ya waridi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza Mama mradi jikoni, yeye anamenya vitunguu. Kasikiliza vizuri kabisa. Mwishoni kasema, "Kwa hiyo ni umbea."

Nikamwambia hapana Mama, ni data zilizounganishwa. Nani anamjua nani, nini kinategemea nini, na yote yaandikwe mahali pa wazi.

"Ndiyo. Umbea uliopangwa."

Nimemaliza chai. Nikaliweka neno lake kwenye andiko. Bosi kalifuta. Na hakuandika sababu.

Jioni Baba Mdogo kapita kuomba chumvi. Tangu Mama Mdogo afariki, hapiti siku bila kupungukiwa kitu. Jana kiberiti, juzi sindano. Mama anamwita Mheshimiwa wa Ndala, naye anamwita Mama Waziri wa Vitunguu. Mashemeji hawa wakianza utani hakuna anayesikia redio.

Nikamwekea karatasi ya saini mbele. Kasema yeye hasaini kitu ambacho hajakiona kikitembea. Haya. Kaondoka na ufunguo wa bomba la mtaa unaning'inia shingoni kama medali ya mbio ambazo alikimbia peke yake.

Chumvi kaisahau mezani.

Alhamisi, 6 Machi

Kikao. Fundi cherehani katuachia karakana yake, mashine kasukuma ukutani. Nilikwenda na slaidi, kichwa maji mimi. Ukuta wote umetundikwa nguo za wateja, kwa hiyo slaidi ya kwanza imetua kifuani mwa gauni la harusi. "Dira na Dhamira" — hapo hapo kwenye lesi. Watu wamecheka mpaka Fundi akaogopa watachafua kitambaa.

Fundi ndiye aliyeniokoa. Kazima taa ya slaidi, kaleta bonge la uzi mwekundu, kaniambia nieleze kwa huo.

Basi nikawaambia: hapa kila taarifa ni sentensi ya vipande vitatu. Kitu, uhusiano, kitu. Mmoja anashika karatasi ya kitu cha kwanza, mwingine cha pili, na uzi katikati ndio uhusiano. Nikawapa mfano wa kisomi kuhusu zahanati. Wakaniangalia kwa huruma. Kisha Fundi kasema:

Ngazi — inaazimwa kwa — Fundi.

Hapo ndipo palipofunguka! Mbwa wa kona — anachukia — baiskeli. Mkunga — anakaa nyuma ya — duka la rangi. Turubai la misiba — limechanwa na — wale waliolitumia kwenye harusi. Mimi nilitaka maji, afya na elimu. Wao walitaka ngazi. Nikakaribia kuwasahihisha, nikajiuma ulimi. Huo ndio mtaa wao na hizo ndizo shida zao, na andiko langu lilisema hivyo kwa maneno makubwa kwenye ukurasa wa kwanza.

Mwishowe karakana ilikuwa wavu mtupu. Mwalimu wa chekechea alinaswa, ikabidi apite chini kwa magoti. Baba Mdogo alikaa mbele, karatasi kaishikilia mwenyewe: Mwenyekiti — anaongoza — Mtaa. Kafurahi kama amevishwa taji. Kasema Jumamosi anasaini.

Ijumaa, 7 Machi

Iko hewani! Simu za mtaa mzima zinalia. Jukwaa linaonyesha maneno herufi kwa herufi, mtu akiwa bado anaandika, na mimi nimekaa nikitazama kama ninaangalia mpira. Fundi kaandika ngazi yake, kisha kaongeza kwamba mguu mmoja una ufa. Sijawahi kuona taarifa yenye adabu namna hiyo.

Nina furaha ya kijinga.

Jioni, siku hiyo hiyo

Mungu wangu.

Kuna mtu kaandika: Bomba — linafungwa na — Mwenyekiti.

Si siri. Kila mtu anajua kwamba ufunguo anao Baba Mdogo. Tatizo ni uzi. Mwalimu wa chekechea naye keshaandika: Chekechea — inaanza baada ya — maji kufika. Fundi kaandika pasi yake ya mvuke inasubiri maji. Mkunga kaandika anachelewa kwa wagonjwa kwa sababu ya foleni ya ndoo. Kisha mtu yule wa kwanza karudi na kuongeza: Mwenyekiti — hafungui bomba kabla ya — chai.

Nikabofya kuona picha nzima. Nyuzi zote za mtaa, zote, zinaishia kwenye kikombe kimoja cha chai.

Na sisi ofisini, mwaka jana, tuliwapelekea walimu wa chekechea semina ya kutunza muda! Na vyeti tuliwapa! Kila mtu alikuwa na kipande chake, hakuna aliyewahi kuviona vimeshonwa pamoja. Nimecheka hadi machozi. Jukwaa linafanya kazi. Linafanya kazi kupita kiasi.

Halafu nikatazama jina la mwandishi. "Shemeji wa Mwenyekiti."

Mwenyekiti ana shemeji mmoja tu mtaa huu. Yuko jikoni, anakaanga vitunguu, anaimba.

Jumamosi, 8 Machi

Baba Mdogo kaja bila kuomba kitu chochote. Hapo nikajua pamewaka.

Hakukaa. Kamwambia Mama, "Shemeji, umenivua nguo mbele za watu."

Mama hakuacha kumenya. "Nguo ulivua mwenyewe, shemeji. Mimi nimesema tu kuna baridi."

Haukuwa utani, na wote wawili walijua. Kaanza kueleza habari za ule ufunguo. Kwamba zamani bomba liliachwa wazi, njia nzima ikawa matope, nani aliamka kulifunga? Yeye. Nani alishukuriwa kwenye mkutano, kwa makofi? Yeye. Yote kweli. Nilikuwepo, nilipiga makofi. Ila hakuna aliyemwambia arudishe ufunguo, naye hakuuliza.

Kasema hasaini mpaka sentensi ile ya chai iondoke. Kaniangalia mimi, si Mama. Huyu ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli baada ya Baba kufariki, akikimbia nyuma yangu na ndala zake mkononi. Nikatazama sakafu.

Alipotoka nikampigia Bosi. Nikaeleza yote. Kasema, "Futa." Neno moja. Tangu nimjue, ndiyo mara ya kwanza amesema kitu kwa ufupi.

Nikamuuliza Mama kwa nini hakumwambia shemeji yake ana kwa ana. Kasema amemwambia mara nyingi tu, kwa utani, naye hujibu kwa utani. Utani ni mzuri, kasema, lakini hauchoti maji.

Jumapili, 9 Machi

Leo bomba halikufunguliwa kabisa.

Ndoo zimepangwa foleni, wenyewe wamekaa kivulini wakinuna. Hakuna aliyekwenda kugonga kwa Mwenyekiti. Wengine kwa hasira, wengine kwa aibu — maana walikwisha kuithibitisha sentensi ya Mama kwenye simu, na jina la kila aliyethibitisha linaonekana. Uwazi! Mimi na andiko langu!

Mama kanisukuma niende. Nikaenda na ndoo ili nisionekane nimetumwa.

Nimemkuta amekaa karibu na mlango, shati la mkutano, viatu vimefungwa kamba, ufunguo shingoni. Mezani vikombe viwili, kimoja kimefunikwa. Nilidhani amenuna. Kumbe alikuwa anasubiri.

"Hawajagonga," kaniambia.

Nikamwambia watu wanamwogopa leo. Katikisa kichwa. Kasema:

"Tangu mama yako mdogo aondoke, mlango huu unagongwa kwa ajili ya ufunguo tu. Nikiutoa, utagongwa kwa ajili ya nini?"

Kanivulia ufunguo, kaniambia nifungue bomba, kisha nimrudishie. Nikafungua. Watu wakachota bila kuniangalia. Nikamrudishia. Kauvaa tena. Njiani nimelia, ndoo mkononi, nikisalimia watu. Nampenda yule mzee na nina hasira naye, na sijui ipi niitangulize.

Nimemsimulia Mama. Kaweka kisu chini, kwa Mama hiyo ni hali ya hatari. Kisha kasema, "Nyumba ile ina chumvi ya kumtosha ng'ombe mzima. Nilijua. Nilikuwa nampa tu."

Sentensi hakusema ataiondoa.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika hapa hapa ofisini. Bosi amesimama nyuma yangu, anadhani naandika kumbukumbu za kikao. Karatasi ya saini iko mezani, tupu. Saa sita inakuja kwa miguu yote miwili.

Nimeifungua ile sentensi. Fundi kathibitisha. Mwalimu kathibitisha. Mkunga kathibitisha na kuweka alama ya kikombe, mchokozi yule. Kando yake kitufe cha kufuta. Nikabofya. Kikatokea kisanduku:

Sababu ya kufuta?

Kifungu cha saba! Mwana kulitafuta, mwana kulipata.

Nikaandika: "Si kweli." Lakini ni kweli. Nikaifuta. Nikaandika: "Bosi kasema." Nyuma yangu mtu kakohoa. Nikaifuta. Nikaandika: "Ni baba yangu mdogo na anaumia." Hiyo ni kweli tupu. Na mtaa mzima ungeisoma, kabla yeye mwenyewe hajamwambia mtu yeyote ila mimi. Hiyo niliifuta haraka kuliko zote.

Bosi kasema niandike "marekebisho ya kiufundi". Wote huandika hivyo, kasema.

Najua wote huandika hivyo. Ile kampuni ya suti pia ingeandika hivyo, tena bila kuulizwa. Nikimdanganya Fundi leo kuhusu bomba, kesho kwa nini aniambie ukweli kuhusu mguu wa ngazi? Nimeondoa mkono kwenye kompyuta, nimeukalia. Kadi za harusi si kazi mbaya. Waridi ni waridi.

Bosi anaanza: kwa ufupi —

Ngoja.

Mwanachama mpya kajiunga: Mwenyekiti.

Anaandika! Namjua anavyoandika, kidole kimoja, anaibonyeza simu kana kwamba inamsumbua. Hajaigusa sentensi ya Mama. Anaandika ya kwake, chini yake. Herufi moja moja zinakuja:

Bomba — linafunguliwa na —

Kasimama. Kaandika "mimi". Kafuta. Kaandika "Mwenyekiti". Kafuta. Bosi anauliza kama hiyo inahesabika kuwa saini. Nimemwambia anyamaze. Nimemwambia Bosi anyamaze! Naye kanyamaza.

Simu yangu imelia. Ujumbe wa Mama; tangu asubuhi nampigia, hapokei. Anasema niache kumpigia, mikono yake imejaa, amebeba chai na sukari, na yuko njiani kwa shemeji yake. Kwa ufunguo? nimemuuliza. Kajibu: ufunguo wa nini?

Saa ya ukutani imegonga sita. Bosi hajaisikia. Wote tunatazama kioo.

"Y". "Ye". "Yey". "Yeyo".

Amesimama katikati ya neno. Nimesubiri. Herufi haisogei. Bosi anasema ameghairi.

Hajaghairi. Mlango wake umegongwa.