Ubao Usiokuwa na Kitu

Papa mpendwa,

Jumapili baada ya misa nilishuka Nyalukemba kwa Maman, tukaangalia filme ambayo hata wewe ungeimaliza. Najua hutaniamini. Filme za shule zilikuwa zinakuudhi sana. Mwalimu akianza tu kuhubiri, na muziki unalia nyuma yake, ulikuwa unasimama na kwenda zako kunawa miguu, huku unasema, "Mwenye kuandika hii hajashika chaki hata siku moja."

Huyu alishika, Papa. Ni hadithi ya wavulana wa shule moja ya milimani na mwalimu wao, basi. Hakuna anayekufa, hakuna anayepewa zawadi. Wavulana wanachokozana, wanadanganya vibaya, na kila mmoja ana namna yake ya kusema, hata ukifumba macho unamjua. Kuna mmoja asiyejibu kitu. Siku moja mwalimu anamuuliza swali, kisha anageuka na kuanza kufunga madirisha polepole, kama mtu aliyeona mvua inakuja. Nje jua linawaka! Hakuna anayeeleza kwa nini, na mwandishi ameacha iwe hivyo. Mtoto anajibu wakati mwalimu anahangaika na dirisha la mwisho.

Maman akajishika mdomo. "Ule ni papa yenu," akasema, "na ule ubao wake."

Nililia bila aibu. Unakumbuka nilipokuwa darasani mwako, mwaka wa nne? Ulikuwa unamuuliza mtoto swali, kisha unatupa mgongo na kupanguza ubao usiokuwa na kitu. Tulikuwa tunakucheka. Siku moja nyumbani nikakuuliza kama macho yako yameanza kuharibika. Ukaniambia, "Mutoto hawezi kuwaza kama unamukodolea macho." Mimi nikadhani unajitetea tu, na yale maneno yakanitoka kichwani.

Sasa chaki ninayo mimi, na ninaye Nabintu. Alitoka Mumosho mwanzoni mwa mwaka, akaja kuishi kwa shangazi yake, na alikuwa hajafungua kinywa darasani hata mara moja. Directeur, mkuu wetu wa shule, aliniambia wazi kwamba asiposema wiki hii, atarudishwa mwaka wa tatu. Na mimi, kwa huruma yangu yote, nilikuwa nasimama mbele ya dawati lake nikimbembeleza aseme, asiogope. Maskini, alikuwa anazidi kujikunja.

Jumatatu niliuliza mto Ruzizi unatoka wapi. Nikamtaja Nabintu, nikageuka, nikachukua kitambaa. Nikapanguza juu, nikapanguza chini, nikarudia pembeni. Nyuma yangu watoto wakaanza kucheka, kama sisi zamani. Nilitamani sana kugeuka, lakini nikaendelea kupanguza.

"Inatokaka huku kwenu, madame," sauti ndogo ikasema. "Kwetu inapitaka tu."

Sikugeuka haraka, maana uso wangu ulikuwa umejaa machozi na vumbi la chaki. Nabintu anabaki mwaka wa nne. Maman nitamwambia kesho. Nilitaka wewe ndiye ujue kwanza.

Ningependa sana uione ile filme, tukae wawili, uitafutie kosa ulikose. Nimekukosa sana, Papa. Pumzika kwa amani. Ubao nitaupanguza mimi.

Binti yako,
yule aliyekucheka