Mgeni Niliyemdhania Hafanyi Kitu

Ijumaa, baada ya alasiri. Hapa Pande mvua haijakatika tangu asubuhi, na mimi sina hamu hata ya kuwasha moto.

Kusoma sijui. Nasema, mjukuu wangu Mwanahawa anabonyeza simu. Leo anabonyeza huku analia. Nimemwambia asifute hata neno.

Mwanahawa anatunza kompyuta kubwa ya ofisi moja kule Masoko. Ndani yake zinaishi kompyuta nyingine, wenyewe wanaziita wageni. Kila mgeni ameahidiwa kumbukumbu, yaani nafasi ya kushikia kazi anayoifanya sasa hivi. Lakini mwenyeji, ile kompyuta kubwa, ameahidi zaidi ya alichonacho, akijua wageni hawatumii zote kwa pamoja. Nafasi ikibana, anavimbisha kitu kama puto ndani ya mgeni, mgeni anaachia nafasi asiyoitumia, anapewa mwenzake.

Juzi ilibana. Mwanahawa akaona mgeni mmoja yuko kimya, akalijaza puto mno. Kumbe yule ameishika sauti ya Somoe, anaiondolea makelele ya kuku na upepo, hajaiweka kwenye diski. Akaelemewa, kazi ikakatika. Na kwenye simu Mwanahawa alishaifuta.

Somoe, shoga yangu. Tulimzika mwezi uliopita.

"Bibi, nilidhani hafanyi kitu!"

"Na mimi nilidhani hivyohivyo, mke mwenzangu. Futa kamasi, andika."

Mwaka tuliokusanywa kijiji cha ujamaa, Somoe alitolewa shambani kwao, akashushwa kwangu na vyungu vyake. Nyumba yangu ilikuwa ya vyumba viwili, na kwa kujitia mkarimu nilikuwa nimezikubalia familia tatu. Somoe nikampa pembe. Akatandika mikeka miwili, mmoja wa kwake, mmoja mdogo. Ule mdogo sikuona mtu akiulalia.

Familia ya tatu ilipofika, nikaukunja, nikawapa.

Sikuuliza.

Ulikuwa wa mwanawe. Alimfia katika kuhama, wakamzika kando ya njia, hata arobaini hakusomewa. Haya niliambiwa na watu baadaye. Mwenyewe hakunigombeza, aliusogeza tu mkeka wake ukutani. Tukalima pamoja, tukazika waume, tukazeeka tukichekana mapengo. Neno la radhi halikunitoka. Nilijiambia yameshapita.

Binti yake, Hadija, ndiye aliyemrekodi, kwa simu ya Mwanahawa, akamwachia aisafishe. Anasema humo mama yake alimtaja yule mtoto, mara ya kwanza tangu yeye azaliwe. Sasa anaisubiri sauti aisikilize na ndugu zake. Hajui kama haipo.

Mwanahawa anataka kumpigia simu. Nimekataa. Habari ya msiba haitumwi kwa simu kama ya ada ya maji.

Kesho mvua inyeshe isinyeshe, tutakwenda kwa miguu wawili sisi. Nitatangulia mimi mlangoni. Nitamwambia sauti imepotea, halafu nitamwambia habari ya mkeka. Akitaka kunifukuza, ana haki, ila kwanza aniambie kaka yake aliitwa nani.

Miaka yote hii, mimi jina lake silijui.