Begi ya kijani

Sella, wacha chenye unafanya usome hii.

Jumamosi si Gathogo wangu alinipeleka mitumba kuchagua begi ya kupanda mlima Longonot? Akaweka paketi nne za unga ndani, akanikaza mikanda, akasema nikimbie mpaka steji ya Olympic na kurudi. Nikakimbia! Jasho mpaka machoni. Akaniuliza, "Mabega yanauma?" Nikasema hata kidogo. Akailipia, akaenda nayo. Mimi huyo najua ni yangu.

Leo asubuhi tunakutana na kikundi cha hiking, Valary, mmoja wao, ndiye ameivaa.

HIYO HIYO.

Nikauliza, "Umetoa wapi?"

"Gathogo amenisapraizi. Ati alipata mtu wa saizi yangu wa kuijaribu."

Mtu. Sella, ati MTU.

Na hajagusa mikanda. Iko pale pale aliponikazia mimi.