Nimeng'oa mfumo mkubwa kwenye tovuti ya Mama Zuhura

Jumatano. Kawangware imeamka na ile baridi ya Julai inayoingia mpaka ndani ya soksi, na hii ni saa kumi jioni jua halijatokea bado. Nimevaa sweta mbili. Lakini moyoni niko sawa kuliko nilivyokuwa mwezi mzima, na nataka kuandika kabla sijajisahaulisha ni kwa nini.

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti ndogo ndogo. Saluni, fundi wa milango, kanisa, watu ambao tovuti yao nzima ingetosha kwenye karatasi moja. Nimeifanya miaka sita na naijua. Naandika hivyo bila aibu, maana kosa ninalotaka kuungama halikutokana na kutojua.

Lilitokana na kutaka kuonekana.

Mama Zuhura ana duka la nyuzi, vifungo na zipu kule Makina, Kibera. Alilifungua kabla mimi sijazaliwa. Watu wakiokota kitambulisho njiani, cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki ya mtoto, humpelekea yeye. Hakuna aliyempa hiyo kazi. Zamani alikuwa anaandika majina kwenye karatasi na kuibandika mlangoni, mvua ikinyesha wino unachuruzika, anaandika upya.

Mwaka jana nilienda kununua zipu, nikaiona ile karatasi, nikajitolea kumtengenezea tovuti. Bure. Mtu aliyepoteza kitu angeweza kutafuta jina lake kwenye simu akiwa popote.

Nikachagua mfumo mkubwa wa kuendeshea tovuti, ule wenye kila kitu. Nikaweka picha zinazoteleza juu ya ukurasa, kalenda, sehemu ya maoni, ramani. Kwa kweli nilikuwa natengeneza kitu cha kuwaonyesha wateja wengine. Mama Zuhura alihitaji orodha ya majina. Ni kama mtu ameomba kikombe cha supu, wewe ukamchinjia ng'ombe na kumwachia ngozi na kwato mlangoni.

Alijaribu kuingia mara mbili. Akakuta menyu ndefu upande wa kushoto, matangazo mekundu ya vitu vinavyotaka kusasishwa, vibonyezo asivyojua kazi yake. Mara ya tatu akaniambia, kwa upole wake, kwamba atakuwa ananitumia tu picha za vitambulisho kwa simu, mimi niweke.

Nikasema sawa. Mwanzoni nilikuwa naweka siku hiyo hiyo. Baadaye nikawa nangoja zijae kidogo. Baadaye nikawa nangoja wikendi.

Sasa nifike kwa Jentrix.

Jentrix anakaa kwenye ploti yetu, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Tumetoka sehemu moja kule Bungoma, tukikosa chumvi tunakopeshana. Amekuwa akifua na kusafisha nyumba za watu kwa siku, leo hapa kesho pale. Mwezi uliopita alipata nafasi ya kazi ya kudumu kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja. Walimwambia aje Jumatatu na kitambulisho chenyewe, si kopi. Akakitafuta, hakipo. Alikuwa amekidondosha Kibera, alipoenda kumwona dada yake.

Ile Jumatatu alienda hivyo hivyo na kopi. Askari wa geti alimrudisha. Nilimkuta jioni akichota maji, akanisimulia, nikampa pole. Nilimaanisha kabisa.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, nikafungua picha za Mama Zuhura ili niziweke zote mara moja. Ya nne ilikuwa sura ya Jentrix.

Picha ilikuwa imekaa kwenye simu yangu siku nane. Ilikuwa imeingia siku tatu kabla ya ile Jumatatu.

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Nitaandika ukweli: wazo la kwanza lililonijia ni kwamba angeweza asijue. Ningeliweka jina kwenye tovuti, halafu nimwambie, "Jentrix, hebu angalia hapa." Angefurahi. Angenishukuru hata.

Nikavaa patipati nikaenda kugonga mlango wake.

Alitazama picha, akacheka kwa furaha, halafu akaniangalia mimi. Jentrix si mjinga.

"Nafula, hii picha umekuwa nayo tangu lini?"

"Tangu Ijumaa ile. Kabla ya kwenda hospitali."

"Na ulinipa pole pale kwa maji."

"Sikuwa nimeifungua. Zilikuwa nyingi, nikaziacha."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Alichukua leso yake, akasema, "Twende Makina." Tukaenda, na njia nzima hakuniambia neno.

Mama Zuhura alimpa kitambulisho chake. Jumatatu Jentrix akarudi hospitali nacho. Nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Wakaandika jina lake kwa zile siku mtu akiugua au akienda likizo, basi.

Siku ile ile ya Jumamosi, tukiwa bado dukani, nilimwambia Mama Zuhura kwamba kosa ni langu, na si la uvivu peke yake. Nimemjengea kitu ambacho hawezi kukiendesha bila mimi, na mimi sitoshi. Alikuwa anapima riboni kwa mteja. Akasema, "Basi nitafutie ninachoweza."

Wiki hii ndiyo nimefanya hiyo kazi, na nimeifanya vizuri.

Nilichukua mifumo mitatu midogo. Kipimo nilichokiweka hakikuwa kasi wala uzuri. Mama Zuhura akae dukani kwake, ashike simu yake yenye kioo kilichopasuka, atumie bando lake, aandike jina moja na lionekane. Mimi nisiguse chochote. Nikamwomba Jentrix aje naye ajaribu, nikitarajia atakataa. Akaja. Alisema haji kwa ajili yangu.

Jana mchana tukakaa wote watatu nyuma ya kaunta.

Wa kwanza ndio nilioupenda mimi. Hauna hifadhidata, kila kitu ni faili za maandishi, mwepesi mno. Lakini unataka uweke nyota mbili ili neno likolee, na alama ya reli, #, ili kichwa cha habari kiwe kikubwa. Mama Zuhura aliandika jina, akaweka nyota moja badala ya mbili, jina lote likainama, likawa maandishi ya mlalo. Aliniangalia kama mimi ndiye niliyekosea. Na kweli.

Wa pili ulikuwa ule wa kuburuta vitu kwa kidole, unaolipiwa kila mwezi. Mzuri sana kwa macho. Mama Zuhura aliufungua, ukaanza kuzungusha kile kiduara cha kungoja. Mteja akaingia, akachagua vifungo, akabadilisha mawazo, akachagua vingine, akalipa, akaondoka. Ulikuwa bado unakizungusha. Tena huo, mwezi usipolipiwa, orodha yote inafungiwa ndani, hutoki nayo.

Wa tatu sikuutegemea. Ni mdogo, wa bure, nao unahifadhi kila kitu kwenye faili za kawaida. Usiku wa kuamkia jana nilitafsiri maneno yake yote kwa Kiswahili na kuacha nafasi tatu za kujaza: jina, ni kitu gani, kimeokotwa wapi. Chini kuna kibonyezo kimoja kimeandikwa WEKA.

Mama Zuhura akajaza. Akabonyeza. Akaniuliza, "Sasa?"

Nikamwonyesha simu yangu. Jina lilikuwepo.

"Nikikosea?"

"Unabonyeza hapa, linaondoka. Ukitaka lirudi, unalirudisha."

"Na wewe ukihama Nairobi?"

Hilo swali hakuna mteja aliyewahi kuniuliza, na nadhani ndilo la kwanza wanalopaswa kuuliza wote. Nikampa flashi ndogo. Nikamwambia tovuti yake nzima iko humo, na fundi yeyote anayejua kazi anaweza kuisimamisha tena kwa siku moja. Akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye kopo la sindano.

Jentrix naye alijaribu, akamaliza haraka kuliko yeye. Halafu akasema jambo ambalo mimi na miaka yangu sita sikulifikiria.

"Msiweke picha ya kitambulisho. Wala namba. Mtu mbaya akisoma, atakuja kuchukua cha mwenzake. Wekeni jina tu. Akija, aseme mwenyewe alizaliwa lini na wapi."

Kwenye tovuti ya zamani nilikuwa nimeweka picha zote wazi, namba na kila kitu. Nashukuru hakuna lililotokea ninalolijua.

Mama Zuhura akamwambia, "Huyu ndiye ungemleta tangu mwanzo." Akamwomba awe anaweka vitu vinavyookotwa huku Kawangware, maana huku nako watu wanapoteza. Jentrix akakubali. Tulipokuwa tunarudi nilimwomba msamaha tena. Akasema hasira zitaisha zenyewe, nisizisukume. Lakini aliongea njia nzima, habari za dada yake, habari za bei ya makaa, na mimi nikasikiliza.

Leo asubuhi nikaung'oa ule mfumo mkubwa. Picha zinazoteleza zimekwenda, kalenda imekwenda, ramani imekwenda. Kilichobaki ni kurasa nyeupe na majina meusi. Nilipoitazama tovuti nilihisi kidogo kama nimevua nguo. Hakuna mteja atakayeiona akasema, lo, huyu Nafula anajua. Nilikaa na hilo dakika chache, likapita. Nimetengeneza vitu vya kung'aa vingi. Hiki ndicho kizuri kuliko vyote, na mimi ndiye ninayejua kazi iliyokwenda kukifanya kiwe chepesi hivi.

Saa tisa hivi niliifungua kuhakikisha nakala ya akiba inajitengeneza. Kulikuwa na jina nisilolijua, na chini yake mstari huu.

"Cheti cha darasa la nane. Kimekotwa Kambi Muru karibu na bomba."

Sikuuandika mimi. Jentrix alikuwa kibaruani, na Kambi Muru ni kule kule Kibera, kwa Mama Zuhura. Kidole changu kilienda kurekebisha "kimekotwa", nikakirudisha. Mwenye cheti atasoma jina lake, hatahesabu herufi.

Nikampigia Mama Zuhura kumpongeza.

"Nafula, niko na watu," akasema. "Mwenye cheti amefika, yuko hapa ananitajia shule yake. Nitakupigia." Akakata.

Sijawahi kufurahi kukatiwa simu namna hii.

Wapo wateja wanne wengine niliowafungia mfumo ule ule mkubwa kwa sababu zile zile. Kesho asubuhi naanza na fundi wa milango, ambaye mara ya mwisho kubadilisha bei zake kwenye tovuti ni siku nilipomkabidhi. Yeye anadhani ni yeye asiyejua kompyuta. Nitamwambia mwenyewe, kabla hajauliza, kwamba si yeye.